Mhandisi wa tiba anatafuta nini ndani ya kovu la mapafu, na uzee unaingiaje?

Mwanafunzi wa vifaa tiba, Dar es Salaam (muuliza swali)

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa vifaa tiba. Kwa muda wote huu nimejifunza mambo ya mashine: jinsi ya kupima umeme unaovuja, jinsi ya kurekebisha mashine ya oksijeni, jinsi ya kusoma mchoro wa saketi. Mwezi uliopita baba yangu mkubwa, ambaye ana miaka 68, alirudi kutoka hospitalini akiwa na maelezo kwamba mapafu yake yameota makovu na kwamba chanzo hakijulikani. Hakuwahi kuugua kifua kikuu wala kuvuta sigara, na kazi yake ilikuwa ualimu. Sasa akitoka uani kwenda barazani hulazimika kusimama njiani ili apate pumzi, na kikohozi chake ni kikavu, hakitoi chochote.

Katika kutafuta maelezo nilikutana na jina la Daniel Tschumperlin, profesa wa uhandisi wa tiba katika Mayo Clinic, Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambaye kwa miaka mingi amefanya utafiti juu ya makovu ya mapafu na namna yanavyohusiana na kuzeeka. Nilistaajabu kidogo, kwa kuwa nilidhani jambo hili ni la madaktari wa kifua na wataalamu wa dawa. Mhandisi anatafuta nini ndani ya kovu? Pili, kwa nini ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60. Je, ni kwa sababu mwili uliochoka hutengeneza makovu mengi kuliko mwili wa kijana? Naomba majibu yasiyonihurumia sana upande wa sayansi, kwa maana hesabu siziogopi.

Mhadhiri wa fizikia ya tiba

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kovu ni kazi ya ujenzi. Tishu ikijeruhiwa, seli ziitwazo faibroblasti huamka na baadhi yake hugeuka kuwa mayofaibroblasti, yaani seli zenye uwezo wa kujikaza kama msuli, ambazo Giulio Gabbiani na wenzake wa Geneva walizieleza mwaka 1971 walipokuwa wakichunguza jinsi kidonda kinavyojivuta hadi kufunga. Seli hizo humwaga pembeni mwao kolajeni, yaani protini ya nyuzinyuzi inayoipa tishu uimara, na kuivuta. Kama umewahi kukaa na bibi anayesuka mkeka, basi picha unayo tayari: kwanza husukwa ukili, kisha ukili hushonwa kwa ukili mwenzake hadi mkeka ukamilike. Nyuzi za kolajeni ndizo ukili, na kimeng'enya kiitwacho lisili oksidesi ndicho kinachoanzisha ushonaji. Ukili ambao haujashonwa waweza kuutenganisha kwa mkono, lakini mkeka ulioshonwa utahitaji kisu. Kidonda kikipona inavyotakiwa, mayofaibroblasti hufa au hurudi katika utulivu wake, na kolajeni iliyozidi huondolewa. Katika ugonjwa alio nao baba yako mkubwa, washonaji hawainuki.

Mhandisi anaingia pale anapouliza swali ambalo daktari hana sababu ya kuliuliza kila siku: mkeka huu una ukakamavu kiasi gani, na seli iliyokaa juu yake inauhisije? Tishu ya pafu lenye afya, ikibonyezwa kwa chombo chenye ncha ndogo mno, huonyesha ukakamavu wa takriban kilopaskali 2, wakati sehemu zenye makovu hupita kilopaskali 15. Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilichukuliwa kuwa matokeo ya ugonjwa na hakuna zaidi, jinsi majivu yalivyo matokeo ya moto. Mwaka 2010 kundi la Tschumperlin, wakati huo likiwa Harvard mjini Boston, lilitoa ushahidi kwamba majivu haya yana makaa ndani yake. Walitengeneza jeli ambayo ukakamavu wake uliongezeka kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakapanda juu yake faibroblasti za mapafu ya binadamu. Seli zilikuwa zilezile, chakula kilekile, joto lilelile. Zilizoangukia upande laini zilitulia. Zilizoangukia upande mgumu zilizaliana na kumwaga kolajeni. Zaidi ya hayo, zile za upande mgumu zilipunguza kutengeneza prostaglandini E2, kemikali ambayo kwa kawaida huzizuia zisizidishe kazi. Kwa maneno mengine, kovu huifanya tishu iwe ngumu, ugumu huiamrisha seli ijenge kovu, na seli ikijenga, ugumu unaongezeka tena. Wewe unayesoma udhibiti wa mifumo utatambua mara moja kwamba huu ni mrejesho chanya, na unajua mfumo wenye mrejesho chanya usiokuwa na breki huishia wapi.

Katika miaka iliyofuata swali likawa: breki iko wapi? Ndani ya seli kuna protini mbili, YAP na TAZ, ambazo seli ikikaa mahali pagumu huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ujenzi. Ungeweza kudhani kwamba basi tuzizuie na kazi imekwisha, lakini seli za ukuta wa vifuko vya hewa nazo zinazihitaji ili kujitengeneza upya baada ya jeraha, kwa hiyo ukizizuia kila mahali utakuwa umemfukuza mshonaji na mzibaji wa paa kwa pamoja. Mwaka 2019 kundi hilo, sasa likiwa Mayo, lilionyesha njia ya kuwagusa washonaji peke yao: faibroblasti za mapafu zina kipokezi (protini ya kupokea ishara) cha dopamini cha aina ya D1, na kipokezi hicho kikiamshwa, YAP na TAZ hutoka kwenye kiini cha seli hizo. Katika panya, makovu ya mapafu na ya ini yalirudi nyuma. Nasisitiza neno panya.

Ama swali lako la pili, jibu ni kwamba dhana yako iko karibu na ukweli lakini imeelekea upande usio wake. Bleomisini ni dawa ya saratani ambayo huweza kuyajeruhi mapafu, na kwa sababu hiyo watafiti huitumia kuwapa panya makovu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham waliwapa dawa hiyo panya wa miezi 2 na panya wa miezi 18, ambao kwa umri wa panya ni wazee. Makundi yote mawili yalipata makovu. Tofauti ilijitokeza baadaye: vijana waliyasafisha makovu yao, wazee wakabaki nayo. Mayofaibroblasti za wazee zilikuwa zimezeeka zikiwa kazini, zikakataa kufa, na uwiano kati ya kimeng'enya kinachozalisha kemikali za oksijeni zenye madhara na mfumo wa kujikinga nazo ulikuwa umeharibika. Walipokizuia kimeng'enya hicho, kiitwacho Nox4, hata panya wazee walianza kusafisha. Kwa hiyo uzee, kwa jinsi ninavyouelewa utafiti huu, haumaanishi kujenga kwingi. Unamaanisha kushindwa kufunga kazi na kuondoa jukwaa.

Na ili usiichukue kauli hiyo kama kanuni ya mwili mzima, tazama ngozi. Keloidi, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunaijua kuliko wengi, huwapata zaidi vijana, hasa kuanzia miaka 10 hadi 30 hivi. Kidonda cha mzee huchelewa kufunga, lakini mara nyingi alama yake huwa nyembamba kuliko ya mjukuu wake. Mwili ni mmoja, kolajeni ni ileile, na mwelekeo ni kinyume kabisa. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba mtu atakayeeleza tofauti hiyo kikamilifu atakuwa amefungua mlango mkubwa.

Fundi sanifu wa vifaa vya hospitali

Naomba kuongeza jambo moja la kikazi kwa sababu mwenzetu amesema haogopi hesabu. Kipimo cha ukakamavu wa tishu hakiko maabara ya Marekani peke yake. Huenda ukakikuta kwenye wodi utakayoajiriwa. Mashine ya FibroScan, iliyotengenezwa na kampuni ya Echosens ya Ufaransa, hupima makovu ya ini bila kumtoboa mgonjwa. Kichwa chake hugonga ngozi katikati ya mbavu mara moja, kwa mtikisiko wa hezi 50, kisha mawimbi ya altrasaundi hufuatilia jinsi mtikisiko huo unavyosafiri ndani ya ini. Tishu ikiwa ngumu, mtikisiko huenda kasi zaidi. Ukakamavu ni mara tatu ya densiti ya tishu ikizidishwa na mraba wa kasi: chukua densiti ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, na kasi ya mita 1 kwa sekunde itakupa kilopaskali 3, ambayo ni ini laini, kasi ikiwa mita 2 utapata kilopaskali 12, na hapo daktari ataanza kukunja uso. Kasi imeongezeka mara mbili tu, ukakamavu umeongezeka mara nne, kwa hiyo kosa dogo la kupima kasi si dogo tena likifika kwenye jibu.

Mgonjwa hupimwa mara kumi, kisha huchukuliwa kipimo cha katikati, na hutakiwa awe hajala kwa muda wa saa tatu hivi, kwa sababu chakula huongeza damu inayopita kwenye ini na ini huonekana gumu kuliko lilivyo. Niliwahi kumkuta mtu anapimwa muda mfupi baada ya kula wali wake wa mchana akashiba vizuri. Alipewa jibu la kutisha, akarudi siku ya pili akiwa na njaa, na jibu likashuka. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Pafu, kwa bahati mbaya, haliwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa limejaa hewa, na hewa haipitishi mtikisiko wa namna hiyo wala altrasaundi. Hapo ndipo ninapowaonea wivu wanaofanya kazi ya ini.

Mwanafunzi wa vifaa tiba, Dar es Salaam

Nashukuru sana, mwalimu, na wewe pia kaka fundi. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili na nimeielewa. Limebaki jambo moja linalonikosesha usingizi. Binamu yangu aliye ughaibuni ametuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba kuna dawa zinazoua seli zilizozeeka, kwamba makovu husafishwa nazo, na kwamba tuchangishane ili azitume. Ikiwa mayofaibroblasti za wazee ndizo zinazokataa kufa, kama alivyoeleza mwalimu, basi wazo la binamu lina mantiki. Je, tuchange?

Daktari wa magonjwa ya kifua

Mdogo wangu, fedha hizo msizichange kwa ajili hiyo, na nitakueleza sababu ili uweze kumjibu binamu yako kwa adabu na kwa hoja.

Dawa zinazozungumzwa kwa kawaida ni mbili zinazotumiwa pamoja: dasatinibu, ambayo ni dawa ya saratani ya damu, na kwersetini, kemikali inayopatikana hata kwenye vitunguu. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Mayo, walionyesha kwamba mchanganyiko huo huua baadhi ya seli zilizozeeka. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya jaribio la awali kwa wagonjwa wenye makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, ugonjwa uleule wa mzee wetu. Wagonjwa walikuwa 14. Walimeza dawa siku tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Mwendo wao wa dakika sita uliongezeka, lakini vipimo vya kupuliza havikubadilika, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo huwezi kujua kama walitembea zaidi kwa sababu ya dawa au kwa sababu ya matumaini. Si jambo la kudharau, ila ni hatua ya kwanza tu, na dasatinibu yenyewe inaweza kujaza maji kwenye utando wa mapafu, tatizo ambalo mtu asiye na pumzi hahitaji kuongezewa.

Taaluma yetu imewahi kuchomwa na dawa zenye mantiki nzuri. Kwa miaka mingi wagonjwa hawa walipewa predinisoni pamoja na azathioprini na asetilisisteini, kwa hoja kwamba kovu hutokana na uvimbe, basi zima uvimbe. Jaribio lililofanywa vizuri nchini Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, lililazimika kusitisha mchanganyiko huo kwa sababu waliopewa walikufa na kulazwa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hoja ilikuwa safi, na wagonjwa waliumia.

Kilichothibitishwa ni hiki. Pirifenidoni na nintedanibu ziliidhinishwa Marekani kwa siku moja, mwezi Oktoba 2014. Hupunguza kasi ya mapafu kuharibika. Haziondoi kovu lililokwisha kushonwa, na zina madhara ya tumbo na ngozi yanayohitaji ufuatiliaji. Bei yake ni kubwa, na kama kuna mahali pa kuchangishana basi ni hapo, baada ya mtaalamu kukubali kwamba zinamfaa. Kabla ya hapo, hakikisheni kwamba kweli chanzo hakijulikani: aulizwe kuhusu kuku au njiwa aliowafuga, vumbi la chaki na la karakana, dawa alizowahi kutumia, na viungo vinavyouma asubuhi, kwa sababu makovu yenye chanzo hutibiwa tofauti. Wakati huohuo apate oksijeni ikiwa kipimo cha kidoleni kinashuka anapotembea, apangiwe mazoezi ya kupumua na ya miguu, na achanjwe.

Ni kweli pia kwamba uzee unaohusika hapa si wa miaka peke yake. Tangu mwaka 2007 tunajua kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa huu hufuata jeni za telomere, zile ncha za kromosomu zinazofupika kila seli inapogawanyika. Ikiwa kuna ndugu mwingine wa damu aliyefariki kwa kukosa pumzi na kikohozi kikavu, mwambieni daktari wake.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, uhandisi wa tishu

Naunga mkono maelezo ya daktari, na naongeza mfano kutoka kwa mhandisi mwingine ambaye naye anasimama kwenye njia panda ya makovu na uzee. Jennifer Elisseeff wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, alianza kwa kutengeneza viunzi vya kuotesha tishu, yaani kazi ya uhandisi mtupu, kisha akagundua kwamba mfumo wa kinga ndio unaoamua kama kiunzi kitapokelewa au kitafungiwa ndani ya kovu. Mwaka 2017 kundi lake lilionyesha kwamba ukiondoa seli zilizozeeka kwenye goti la panya lililojeruhiwa, gegedu huharibika kidogo na maumivu hupungua. Mwaka 2020 likachunguza utando wa kovu unaoizunguka mifuko ya plastiki iliyopandikizwa kwenye matiti ya wanawake, likakuta humo seli zilizozeeka pamoja na ishara ya kinga iitwayo IL-17. Katika panya, kuizuia ishara hiyo au kuziondoa seli hizo kulipunguza kovu.

Sasa, ile dawa iliyotumika kuziondoa seli zilizozeeka kwenye goti la panya. Kampuni ya Unity Biotechnology iliipeleka kwa binadamu, na mwezi Agosti 2020 ikatangaza kwamba baada ya wiki 12 haikupunguza maumivu kuliko sindano isiyo na dawa. Panya walikuwa wamejeruhiwa goti jana na juzi. Wagonjwa walikuwa na magoti yaliyosagika kwa miaka. Samaki mkunje angali mbichi, na pengine hawa walikunjwa wakiwa ng'onda.

Jambo la mwisho kwa binamu: seli zilizozeeka si adui wakati wote. Mwaka 2008 watafiti wa maabara ya Cold Spring Harbor, nchini Marekani, walionyesha kwamba katika ini la panya seli zinazojenga kovu huzeeka ili ziache kujenga, kisha kinga huzila. Panya walionyimwa uwezo huo wa kuzeesha seli walipata makovu makubwa zaidi. Kwa hiyo seli hiyohiyo mwanzoni ni breki, na ikikaa bila kuondolewa inakuwa chanzo cha moto. Dawa isiyojua saa ni ngapi inaweza kuua breki.

Mwanafunzi wa vifaa tiba, Dar es Salaam

Nimemsomea baba mkubwa majibu yote usiku huu, maana yeye ni mwalimu na hapendi kusimuliwa. Ameuliza swali moja tu, kuhusu njiwa: aliwafuga kwa miaka kumi na mitano chini ya dirisha la chumba chake, na hospitalini hakuna aliyemuuliza. Tumepanga kurudi Jumatatu. Binamu nimemjibu.

Mwalimu, ningependa mradi wangu wa mwaka wa nne uwe juu ya kupima ukakamavu. Maabara yetu haina chombo cha ncha ndogo wala fedha za kukinunua.

Mhadhiri wa fizikia ya tiba

Hao njiwa muwataje kabla ya jambo lolote lingine, na mwende na miaka yake ikiwa imeandikwa.

Kuhusu mradi, anza na jelatini ya dukani. Itengeneze kwa viwango vitano vya ukolezi, weka juu yake gololi ya chuma yenye uzito na kipenyo unachokijua, piga picha kutoka ubavuni, na upime imezama kiasi gani. Mlinganyo wa Hertz, unaounganisha uzito na ukubwa wa gololi na kina ilichozama, utakupa kilopaskali bila mashine yoyote. Fanya kazi hiyo sampuli zikiwa juu ya barafu, kwa sababu joto la Dar es Salaam la saa nane mchana litakulainishia kila kitu kabla hujaandika namba ya pili, na usifikirie kupanda seli juu yake, kwani jelatini isiyoungwa kwa kemikali huyeyuka kabla ya kufika joto la mwili. Ukishapata namba tano zinazorudiwa vilevile siku tatu mfululizo, niandikie, tuzungumze juu ya jeli za kweli.